Takwimu za Mkono Baada ya Kiharusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa uzamili, wataalamu wa fiziotherapia na madaktari wa hapa Dar es Salaam wanaofanya utafiti kuhusu utengamao wa wagonjwa wa kiharusi, na ambao aghalabu humfuata mtaalamu wa takwimu wakiwa na jedwali la Excel lililokwisha kujaa. Majibu yanachukulia kwamba msomaji anajua wastani, mchepuko sanifu na thamani ya p, ingawa hapendi sana kuulizwa maana yake.

Nichague kipimo kipi kiwe tokeo kuu?

Hilo linategemea unadai kwamba tiba yako inabadilisha nini. Kipimo cha Fugl-Meyer, kilichochapishwa nchini Uswidi mwaka 1975, huangalia hitilafu ya mwili wenyewe, yaani kama bega, kiwiko, kifundo na vidole vinaweza kusogea kimoja kimoja bila kuvutana. Kipimo cha ARAT, kilichochapishwa na Lyle mwaka 1981, huangalia uwezo wa kutenda: mgonjwa hunyanyua vibao vya ukubwa mbalimbali, humimina maji kutoka glasi moja kwenda nyingine, hubana gololi kwa ncha za vidole na kupeleka mkono kinywani. Kipimo cha Wolf hupima muda ambao mgonjwa hutumia kukamilisha kazi ndogondogo. Usaili wa MAL, kwa upande wake, humuuliza mgonjwa ni kwa kiasi gani anautumia mkono huo akiwa nyumbani.

Haya ni mambo tofauti, na mgonjwa anaweza kupanda katika moja na kubaki palepale katika jingine. Mtu anayeweza kunyanyua kikombe mbele ya mpimaji si lazima awe anakinyanyua nyumbani, hasa kama binti yake anamnywesha chai. Mwaka 2017 jopo la kimataifa la watafiti wa kiharusi lilipendekeza Fugl-Meyer na ARAT viwemo miongoni mwa vipimo vya msingi, na pendekezo hilo lina faida kwa utafiti mdogo kwa sababu matokeo yake yataweza kuunganishwa na ya wengine. Hata hivyo, chagua kimoja tu kiwe tokeo kuu, ukiandike katika itifaki kabla ya kumwandikisha mgonjwa wa kwanza, na vingine vyote viwe matokeo ya ziada. Mtafiti mwenye vipimo vitano na uhuru wa kuchagua baadaye hakosi kimoja kitakachompa p chini ya 0.05.

Je, inaruhusiwa kukokotoa wastani wa alama za Fugl-Meyer?

Swali hili limegombanisha wasimamizi wengi na wanafunzi wao, na kila upande una hoja. Sehemu ya mkono ya kipimo hiki ina vipengele 33, kila kimoja kikipewa 0, 1 au 2, na jumla ya juu ni 66. Sifuri ni kushindwa kabisa, moja ni kuweza kwa sehemu, mbili ni kuweza kikamilifu. Hizo ni ngazi, na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba umbali kati ya ngazi ya 0 na ya 1 ni sawa na ule wa kati ya 1 na 2. Vivyo hivyo, mgonjwa aliyetoka alama 10 hadi 16 huenda amepata mwendo kidogo wa bega, ilhali aliyetoka 50 hadi 56 huenda ameanza kufungua vidole. Wote wameongeza alama 6, lakini wa pili pengine ndiye atakayerudi kwenye cherehani yake.

Kwa upande wa pili, jumla ya vipengele 33 huwa na thamani nyingi zinazowezekana, na wastani wa jumla hizo kwa kundi zima hufanya kazi vizuri kuliko wanavyohofia walimu wakali. Msimamo wa mwandishi wa ukurasa huu ni kwamba unaweza kutumia wastani na rigresheni ya kawaida, mradi wagonjwa wako hawajarundikana mwisho mmoja wa kipimo, kisha urudie uchambuzi kwa njia inayoheshimu ngazi. Majibu yakikubaliana, toa ya wastani kwa sababu ndiyo inayoeleweka. Yakipingana, msomaji ana haki ya kuyaona yote mawili. Mbinu ya Rasch, ambayo hugeuza ngazi kuwa vipimo vya umbali sawa, ni nzuri, lakini huhitaji wagonjwa wengi kuliko walio nao wanafunzi wengi.

Jambo dogo linalosahaulika: baadhi ya watafiti huondoa vipengele vya refleksi, na jumla ya juu inakuwa 60. Andika wazi umetumia ipi, kwa sababu alama 40 kati ya 60 na alama 40 kati ya 66 si mkono uleule.

Data zangu za ARAT hazina umbo la kengele. Je, niache rigresheni?

Kwanza, sharti la umbo la kengele linahusu mabaki ya modeli, yaani tofauti kati ya alama halisi na zile zilizokadiriwa na modeli, si alama ghafi. Chora mabaki kabla ya kukata tamaa.

Hata hivyo, ARAT ina tabia yake. Vipengele ni 19, kila kimoja hupewa 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 57. Kwa utaratibu wa Lyle, mgonjwa huanza na kipengele kigumu zaidi katika kila sehemu. Akikiweza kikamilifu hupewa alama zote za sehemu hiyo bila kupimwa vingine, na akishindwa kabisa kile chepesi zaidi hupewa sifuri kwa sehemu nzima. Utaratibu huo huokoa muda na haumchoshi mgonjwa, lakini husukuma alama kuelekea ncha. Si ajabu kukuta rundo la watu kwenye 0, rundo jingine kwenye 57 na wachache katikati. Katika hali hiyo wastani wa 28 unamweleza mgonjwa ambaye karibu hayupo.

Mkiwa na rundo la namna hiyo, tumieni rigresheni ya ngazi yenye uwiano wa odi, ambayo huuliza swali la busara: je, tiba inaongeza uwezekano wa mgonjwa kuwa katika ngazi ya juu zaidi, popote mpaka utakapowekwa? Jaribio la Mann-Whitney hujibu swali la karibu na hilo, ila haliwezi kuingiza alama za mwanzo kwa urahisi, na alama za mwanzo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya taarifa.

Dawa bora, hata hivyo, hupatikana mapema. Usiwaandikishe watu waliokwisha kufikia alama 55 katika utafiti unaotaka kuonyesha wanapanda.

Katika kipimo cha Wolf, walioshindwa huandikiwa sekunde 120. Nizitumieje?

Hizo 120 si muda, ni ukomo. Mgonjwa huyo angeweza kumaliza kwa sekunde 130 au asimalize kabisa, na kompyuta isiyoambiwa hivyo itaamini kwamba alimaliza kwa sekunde 120 kamili.

Kuna mambo mawili ya kutenganisha. La kwanza ni mkunjo wa muda wenyewe. Tuchukue wagonjwa wawili wa kubuni: mmoja alikunja taulo kwa sekunde 40 na sasa anatumia 20, mwingine alitumia 4 na sasa anatumia 2. Kwa kutoa tu, wa kwanza amepunguza sekunde 20 na wa pili sekunde 2, na wastani wa kundi utatawaliwa na wa kwanza. Ukichukua logi asilia, wote wawili wamebadilika kwa 0.69, yaani kila mmoja amepunguza muda kwa nusu. Ndiyo maana majaribio makubwa ya Marekani, likiwemo ICARE lililochapishwa mwaka 2016, yalitumia logi ya muda. Unapotoa matokeo, rudisha logi kuwa uwiano na useme, kwa mfano, kwamba kundi la tiba lilitumia asilimia 80 ya muda wa kundi la ulinganisho. Hakuna muuguzi atakayekuelewa ukimwambia tofauti ni hasi 0.22.

La pili ni ukomo. Wakiwa wachache, modeli ya Tobit, inayojua kwamba 120 maana yake ni «120 au zaidi», inatosha. Wakiwa wengi, baadhi ya watafiti hugeuza muda kuwa kasi, yaani mara ngapi kazi ingefanyika kwa dakika moja: sekunde 20 huwa 3, sekunde 60 huwa 1, na aliyeshindwa huwa 0. Njia hii inapendeza kwa sababu kushindwa kunapata nafasi yake halali. Tena, idadi ya walioshindwa mwanzoni na wakaweza mwishoni ni tokeo la kuripotiwa lenyewe, kwa maneno na kwa namba.

Nichambue alama za mwisho, au mabadiliko tangu mwanzo?

Chambua alama za mwisho ukiziingiza za mwanzo katika modeli kama kigezo cha kusawazisha, mbinu ijulikanayo kwa wengi kama ANCOVA. Sababu ni ya hesabu, na inafaa ionwe kwa namba. Tuseme uhusiano kati ya alama za mwanzo na za mwisho ni 0.7. Ukitumia alama za mwisho peke yake, una varianzi yote, yaani mtawanyiko wote wa alama. Ukitumia mabadiliko, varianzi inabaki asilimia 60. Ukitumia ANCOVA, inabaki asilimia 51. Uhusiano ukishuka hadi 0.4, mabadiliko yanakuwa na varianzi ya asilimia 120, yaani umejiongezea ukungu kwa kutoa, ilhali ANCOVA inabaki na asilimia 84. Haishindwi na nyingine katika hali yoyote ya jaribio la nasibu lenye ukubwa wa kutosha.

Onyo moja: hoja hii ni ya majaribio ambamo wagonjwa wamegawanywa kwa nasibu. Ukilinganisha wagonjwa wa hospitali mbili, waliofika kwa njia zao wenyewe, ANCOVA na mabadiliko vinaweza kutoa majibu yanayopingana, na hakuna programu itakayokuambia lipi ni la kweli.

Kundi la tiba lilipata p = 0.01 kati ya mwanzo na mwisho, la ulinganisho likapata p = 0.09. Je, tiba imefaulu?

Haijulikani bado, kwa sababu hujalinganisha makundi. Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote katika tasnifu za fani hii. Katika wiki za mwanzo baada ya kiharusi, mikono mingi hupona kwa kiasi fulani yenyewe, na kupona huko huwa kwa kasi zaidi katika miezi 3 ya kwanza. Kila kundi litapanda. Kundi moja likiwa na watu wachache zaidi, au alama zilizotawanyika zaidi, p yake itakuwa kubwa hata kama limepanda sawasawa na lenzake. Swali la utafiti ni moja: tofauti kati ya makundi ni kiasi gani, na masafa yake ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo la thamani zinazokubaliana na data, yanaanzia wapi na kuishia wapi?

Vipi kuhusu ile kanuni ya asilimia 70?

Mwaka 2008 watafiti waliripoti kwamba wagonjwa wengi hurejesha takribani asilimia 70 ya alama za Fugl-Meyer walizopoteza. Mwenye alama 36 amepoteza 30, kwa hiyo angetarajiwa kurejesha 21. Kanuni ilipendwa kwa urahisi wake, na tafiti zilizofuata zikaonyesha uhusiano wa juu ajabu kati ya kilichopotea na kilichorejeshwa.

Ajabu hiyo ndiyo iliyopaswa kuwatia shaka. Alama ya mwanzo imo pande zote mbili za mlinganyo: imo katika kilichopotea, ambacho ni 66 kutoa alama ya mwanzo, na imo katika kilichorejeshwa, ambacho ni alama ya mwisho kutoa ileile ya mwanzo. Hata ukizalisha alama za mwanzo na za mwisho kwa bahati nasibu, zisizohusiana hata kidogo lakini zenye mtawanyiko sawa, utapata uhusiano wa karibu 0.71 kati ya viwili hivyo. Ikiwa alama za mwisho zimebanwa karibu na 66, kama inavyotokea kwa wagonjwa wenye kiharusi chepesi, uhusiano unapanda zaidi kuelekea 1. Makala za mwaka 2019 zilieleza hili kwa kina. Haina maana kwamba hakuna mpangilio wowote katika kupona. Maana yake ni kwamba uhusiano huo hauwezi kutumika kama ushahidi. Jaribu mwenyewe katika R, ni mistari minne.

Ninahitaji wagonjwa wangapi?

Tuseme unatafuta tofauti ya alama 6 za Fugl-Meyer, mchepuko sanifu ni 12, nguvu ya jaribio ni asilimia 80 na kiwango cha kosa ni asilimia 5 kwa pande zote mbili. Fomula ya kawaida inatoa wagonjwa 63 kwa kila kundi. Ukipanga kutumia ANCOVA na uhusiano ni 0.7, wanatosha 32 kwa kila kundi. Ukitarajia kupoteza asilimia 20 kabla ya kipimo cha mwisho, andikisha 40. Tazama tofauti kati ya 63 na 32: ni nusu ya gharama ya utafiti, na imepatikana kwa kuamua mapema jinsi ya kuchambua. Uhusiano huo wa 0.7, hata hivyo, usiuokote hewani. Utoe katika utafiti unaofanana na wako, kwani mabadiliko ya wagonjwa wa wiki ya kwanza hayatabiriki kwa urahisi kama ya wagonjwa wa mwaka wa pili.

Ongezeko la alama ngapi lina maana kwa mgonjwa?

Kwa wagonjwa wa muda mrefu, tafiti zimekadiria kati ya alama 4.25 na 7.25 kwa Fugl-Meyer, na takribani 5.7 kwa ARAT. Kwa wagonjwa wa wiki za mwanzo, kadirio la ARAT limekuwa 12 pale ulipoathirika mkono mkuu na 17 ulipoathirika mwingine. Viwango hivi vinahusu mabadiliko ya mtu mmoja. Tofauti ya wastani ya alama 3 kati ya makundi inaweza kuficha watu wengi waliovuka kiwango, kwa hiyo msiitupe kwa kusema tu kwamba haikufika 5.7.

Wapo wanaogawanya wagonjwa kuwa waliofaulu na walioshindwa. Jaribio la RATULS la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2019 likiwa na wagonjwa 770, lilifanya hivyo kwa uangalifu: mwenye ARAT ya 0 hadi 7 mwanzoni alihitaji kuongeza alama 3, na mwenye 20 hadi 39 alihitaji 6. Ukipanga mpaka mmoja tu kwa wote, hasa kwenye mediani, unapoteza taarifa sawa na kutupa takribani theluthi moja ya wagonjwa wako. Kwa utafiti wa watu 60 hiyo ni hasara isiyo na sababu.

Wagonjwa wengi hawarudi kwenye kipimo cha miezi 6. Nifanyeje?

Hapa Dar es Salaam hakuna uhaba wa wagonjwa. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 ulikadiria kiharusi kipya 315.9 kwa watu 100,000 kwa mwaka katika jiji hili, ukilinganisha na 108.6 wilayani Hai, baada ya kusawazisha umri. Kazi ni kuwarudisha.

Jiulize kwanza kwa nini hakuja. Mgonjwa wa Gongo la Mboto anayehitaji daladala mbili na msindikizaji aliyeomba ruhusa kazini hakosi kwa sababu ileile na yule aliyepona akarudi dukani Kariakoo. Mwingine amepelekwa kijijini kuuguzwa na ndugu. Mwingine alipangiwa wiki ya masika ambayo Jangwani palijaa maji. Kama kutokuja kunaelezeka kwa mambo uliyoyapima, kama vile umbali, umri na alama za awali, modeli mseto inayotumia vipimo vyote vilivyopo itatoa makadirio ya haki, na hakuna haja ya kumwondoa mtu. Kama kutokuja kunatokana na hali ya mkono wenyewe siku hiyo, hakuna modeli itakayokuokoa peke yake. Unachoweza ni kuonyesha jibu lingekuwaje iwapo waliokosekana wangekuwa na alama 3, 5 au 8 chini ya walivyokadiriwa.

Njia ya kuendeleza alama ya mwisho iliyopo, ambayo bado inafundishwa, haifai kabisa hapa. Mgonjwa aliyepimwa wiki ya 2 na kupotea angechukuliwa kuwa na mkono uleule miezi 6 baadaye, wakati ambapo kila mtu anajua mikono hupanda zaidi katika kipindi hicho.

Waliofariki ni suala la pekee. Mkono wao haukukosa kupimwa, haupo. Kuwakadiria alama kana kwamba wangali hai ni jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Ripoti vifo kwa kila kundi kando, na useme wazi kwamba alama ni za walio hai.

Ongeza jambo la vitendo: nauli ya mgonjwa na msindikizaji, pamoja na namba za simu za ndugu wawili, zitakusaidia kuliko mbinu yoyote iliyotajwa hapo juu. Ziingizwe katika bajeti na katika maombi ya kibali cha maadili.

Baadhi ya maswali ya MAL hayaingii katika maisha ya wagonjwa wangu. Niyafute?

MAL huuliza kuhusu kufungua jokofu, kutumia uma, kushuka garini. Mgonjwa wako huenda hana jokofu na hula ugali kwa mkono. MAL yenyewe inaruhusu kuandika kwamba kipengele hakihusiki, na alama huwa wastani wa vilivyojibiwa. Tatizo huja pale ambapo kundi moja limejibu vipengele 28 na jingine 19. Toa idadi hiyo kwa kila kundi.

Ukitaka kuongeza kukuna nazi, kufunga khanga au kushika bomba ndani ya daladala, ongeza, lakini vichambue kando na jumla rasmi, la sivyo hutaweza kulinganisha na tafiti nyingine.

Upande ulioathirika unastahili uangalizi wa pekee katika jamii yetu. Mkono wa kulia ndio unaotumika mezani, kusalimia na kupokea. Aliyepooza wa kulia ana msukumo mkubwa wa kuutumia, au aibu kubwa ya kula mbele za watu kwa wa kushoto. Aliyepooza wa kushoto anaweza kuishi miaka bila kuuhitaji kwa shughuli hizo. Gawanya nasibu kwa matabaka ya upande, kisha upande huo huo uingie katika modeli. Wengi hufanya la kwanza na kusahau la pili.

Jedwali la kwanza, linalolinganisha makundi kabla ya tiba, liwe na thamani za p?

Hapana, kama mgawanyo ulikuwa wa nasibu. Tofauti zozote za mwanzo zimetokana na bahati, na tayari unajua hivyo.

Tuna wapimaji wawili. Inatosha kuonyesha kwamba alama zao zina uhusiano wa juu?

Haitoshi. Mpimaji mmoja anaweza kutoa alama 5 zaidi kwa kila mgonjwa na uhusiano ukabaki 1. Chora mchoro wa Bland na Altman wa tofauti zao, na utoe koefisienti ya ndani ya makubaliano (ICC). Muhimu zaidi, mgonjwa apimwe mwanzo na mwisho na mpimaji yuleyule, asiyejua yuko kundi gani.

Nitumie programu ipi?

R ni ya bure na inafanya yote yaliyotajwa. Stata na SPSS pia zinafaa kama chuo kina leseni. Excel iishie kwenye kuingiza data.

Matokeo yangu hayana tofauti. Je, nimepoteza muda?

Tazama masafa ya uhakika kabla ya kujibu. Tofauti ya alama 1 yenye masafa ya kuanzia hasi 2 hadi 4 inasema kwamba faida kubwa haiwezekani, na hiyo ni taarifa kamili. Masafa ya kuanzia hasi 9 hadi 11 yanasema kwamba utafiti ulikuwa mdogo mno kujibu chochote. Tazama pia kundi la ulinganisho lilipata nini. Katika ICARE, wagonjwa 361 waligawanywa makundi matatu, mawili yakipangiwa saa 30 za tiba za aina tofauti na la tatu likipata huduma ya kawaida iliyofikia wastani wa saa 11 hivi, na mwaka mmoja baadaye hayakutofautiana. Kundi lako la ulinganisho likiwa limepata saa mbili kwa mwezi, huna matokeo yanayofanana na ya ICARE hata kama namba ya p ni ileile. Kwa hiyo andika saa za tiba za kila mgonjwa, katika makundi yote, tangu siku ya kwanza.